Atakayehubiri Siku ya Kunizika

Sogeeni, wanangu, wewe mwashi ukae kulia kwangu na wewe mkunga kushoto, msinikatize, maana pumzi imebaki haba. Jana niliwasikia sebuleni mkibishana nani atahubiri siku ya kunizika, nami sijafa bado. Kaka mtu unasema imeandikwa mwanamke anyamaze kanisani, na lililoandikwa halipindwi. Dada mtu unasema neno lile waliandikiwa watu wa wakati wao, tutafute maana yake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mwanangu, zamani nilikucheka kwa kushika kila neno kama lilivyo, lakini jirani alipokuzaba kofi mbele za watu kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, ulimgeuzia shavu la pili, akalizaba na hilo, na wiki ile ile ukaenda kumjengea ukuta wake ulioanguka. Niliona aibu, kisha nikajivuna, kwa sababu wanaosoma mstari ule ni wengi, ila anayetoa shavu sijamwona mwingine.

Nawe binti yangu, Jumapili ngapi umekosa ibada ukiwa wodini, wakakusema weee, ukawajibu kwa upole kwamba Bwana aliponya siku ya sabato na mtoto hangoji watu wamalize kuimba. Leo hao hao wanawaleta kubatizwa wajukuu uliowapokea kwa mikono yako. Ninyi wawili mmenifundisha Biblia kuliko mimbari zote, wabishi wakubwa ninyi.

Cherehani yangu aichukue dada mtu. Nyumba msiiuze; atakayepatwa na shida kati yenu aingie bila kubisha hodi. Ngojeni kidogo... nipumue.

Mkunga ndiye atakayehubiri. Tulia, mwashi, usitikise kichwa. Wewe neno huliongezi wala hulipunguzi: imeandikwa waheshimu baba yako na mama yako, na sikuona palipoandikwa isipokuwa wakikuudhi. Mama yako amesema. Nawe mkunga, mtafuta maana, ujue maana ya kaka yako kuketi pale akikusikiliza. Usimpige kijembe hata kimoja, na ukimaliza umpishe asome zaburi, neno kwa neno, kama apendavyo.

Leteni mikono, hapa kifuani... hivyo. Mungu awashike kama mlivyonishika mimi, na uzao wenu usikose wa kuuombea. Sasa salini, wote wawili, nisikie... Aanze yeyote.