Kezekiya Ssebowa, Aliyesema "Tuliweka"

Mzee Kezekiya Ssebowa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Kyabbogo, Kalungu, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Ezera na Mama Damali. Mimi Erukaana nilimfuata baada ya miaka saba. Mjane wake ndiye aliyetaka nisome wasifu huu. Nivumilieni.

Alisoma shule ya kanisa hapa hapa hadi baba alipofariki, mwishoni mwa 1964. Aliacha masomo ili mimi nianze. Siku ya kwanza alinibeba mgongoni nikilia njia nzima, akaniambia, "Lia sasa umalize, mwalimu hapendi kamasi."

Alianza kununua kahawa kwa baiskeli mwaka 1974, na 1981 akafungua ghala, nami nikafanya kazi humo. Aliokoka mwaka 1977, na mwaka huo huo akafunga ndoa na Mirika Nabbosa. Walijaliwa watoto watano. Maradhi yale ya Ukimwi yalipotumalizia wazazi kijijini, wakachukua yatima kumi na mmoja, na sufuria lao la matoke likawa kama la harusi kila siku. Lori lake lilibeba wajawazito kwanza, kahawa baadaye. Mkulima akinung'unika, alimjibu, "Kahawa yako haina uchungu wa kuzaa, mzee. Ngoja."

Hili linalofuata halimo kwenye karatasi mliyoshika.

Juni 1984 mnunuzi wa Masaka alikuta kokoto za kuongeza uzito ndani ya magunia yetu matatu. Lawama zikamwangukia Mzee Yafeesi, mkulima aliyetuuzia kahawa ile. Akapigwa sokoni mbele ya wajukuu wake. Jumapili iliyofuata, kwenye ushirika wa waliookoka, ambako mtu husimama akaitoa dhambi yake nuruni, Kezekiya alisimama. "Ndugu, Yafeesi hana kosa. Tuliweka sisi, mimi na mdogo wangu."

Tuliweka. Neno hilo lilivunja uchumba wangu wiki ile ile. Nikahamia Lukaya, na kila niliyekutana naye nikamwambia kaka alinitia dhambini kisha akanianika. Mkanipa pole, nami nikazipokea. Miaka thelathini na miwili sikumsemesha. Kila Krismasi alikuja na mkungu wa ndizi, nami nikamnong'oneza mke wangu, "Mwambie sipo." Nilimsikia pale mlangoni: "Haya, shemeji. Basi mwambie huyo asiyekuwepo kwamba kaka yake anamsalimu."

Januari 2016 aliugua figo. Jumanne tarehe 7 Juni Mirika alinipigia simu: "Shemeji, njoo leo. Anakuulizia wewe tu." Nikasema nitakuja Alhamisi. Kezekiya alifariki Jumatano saa nne asubuhi. Alhamisi nilifika nikamkuta amekwisha kufungwa kwenye sanda ya nguo za magome ya mti. Nilimsemesha siku hiyo. Jamani, nilimsemesha sana.

Jana nilimuuliza Mirika kwa nini kaka hakusema ukweli. Maana wiki ya kokoto, ndugu zangu, Kezekiya alikuwa Kampala. Hakujua lolote mpaka aliporudi nikamweleza.

Mirika akaniambia, "Hata mimi nilimgombeza. Umedanganya ndani ya ushirika, mume wangu! Akasema, 'Nilisimama niseme aliweka. Mdomo ukakataa. Nilimbeba mtoto huyu mgongoni.' Uongo ule aliutubu kila siku, shemeji. Lakini kuusahihisha alikuachia wewe. Alikungoja."

Sasa nifanye nini mimi? Nimwendee nani na mkungu wa ndizi?

Ameacha mjane, watoto watano, yatima kumi na mmoja wanaomwita baba, wajukuu ishirini na watatu, na mdogo wake mmoja. Mzee Yafeesi ametangulia, lakini wajukuu wake nawaona pale nyuma, nanyi wa ushirika mpo. Naomba mnisikie, kwa kuwa yeye hanisikii tena. Hatukuweka. Niliweka. Kaka yangu hakuweka hata kokoto moja.

Mwacheni apumzike kwa amani.