Mama Kufuli na Wakaidi Wake wa Shaba

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikunywa chai akaacha mkate. Mkononi alikuwa na kufuli la shaba, dogo kama yai, lisilo na tundu la ufunguo. Ukilitikisa, kitu kinagonga ndani. Aliliweka sikioni, akalilaza, akaligeuza kichwa chini, akaguna. Nikamwambia chai inapoa. Akasema chai ni yake, iache ipoe. Kesho yake hakuweza kukaa.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Kufuli, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alikuwa fundi bati. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni kaka yake, shemeji yangu, aliyekaa pale mbele. Nitamfikia.

Alisoma hadi darasa la saba. Mimi sikusoma, kuandika haya ninayowasomea alinifundisha yeye, mezani. Nilisimuliwa kwamba aliwahi kufungua kabati la mwalimu kwa pini ya nywele, akatazama ndani, akalifunga tena vizuri. Mwalimu alitaka kumfukuza, akakosa la kumshtakia.

Mwaka 1969 aliajiriwa kufagia karakana ya vyuma. Palikuwa na fundi wa mashine ya kukereza vyuma, mzee asiyecheka, aliyetengeneza mafumbo kwa mabaki ya shaba. Bolti ambayo nati yake haitoki. Vyuma viwili vilivyoshikana. Visanduku visivyo na mfuniko. Hayakufunguka kwa nguvu. Moja lilitaka kuinamishwa, jingine kuzungushwa kama pia, jingine kupulizwa. Marehemu aliyaita wakaidi. Marehemu alipostaafu alikuwa na kopo zima la biskuti limejaa wakaidi aliopewa na mzee yule. Nyumba ilinuka shaba, mikono yake, mto, mpaka mkate. Harufu ile sikuipenda hata siku moja. Sasa mto umefuliwa unanuka sabuni, na hiyo ndiyo siivumilii kabisa.

Tulioana Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1974. Watu wamekaa, mimi nimevaa suti ya kuazima, bibi harusi haonekani. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango, vyuma viwili vimemnasa kidole cha pete. Alijifunga mwenyewe, eti atulize moyo. Shangazi zake wakaleta mafuta, wakaleta sabuni. Kaka yake akaenda akarudi na msumeno wa chuma. Marehemu alimwambia neno moja pale, nitalisema mwisho. Akaendelea kugeuzageuza, shela kichwani, sisi tukingoja. Akatoka na kidole kizima na vyuma vizima. Msumeno ulirudi kwao bila kazi.

Ugonjwa ulikuwa wa figo. Wodi ilinuka, lakini wageni walinichefua kuliko wodi. Jirani mmoja alimletea fumbo la plastiki la dukani. Marehemu alilifungua akiwa anatazama dirishani, kisha akafuta vidole kwenye shuka. Mwingine alimwambia usoni kwamba hivyo vyuma ndivyo vilivyomla. Alisema hayo huku anamenya chungwa la mgonjwa, na akalimaliza.

Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 14 Mei. Kufuli lilikuwa mkononi mwake. Hakuwa amelifungua.

Jumatano, watu wakipanga viti vya msiba, shemeji aliingia jikoni na msumeno. Ulikuwa umevuma uvumi kwamba dada yake alificha dhahabu ndani ya kufuli. Akalikata kufuli juu ya meza ya chakula. Ndani mlikuwa na gololi moja na pini mbili za chuma. Basi. Unga wa shaba ulitapakaa mpaka kwenye kikombe cha marehemu. Nimewahi kutoa panya aliyeoza chini ya kitanda, sikupata kinyaa kile. Halafu akaliunga kwa gundi, akanipa, tumzike nalo, kama vile marehemu asingejua. Nilimrudishia. Fundi aliyelitengeneza alishakufa. Kufuli lilitaka lifanyiwe nini, sasa hakuna atakayejua, na mke wangu alikuwa karibu kulifungua.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja, ambaye msumeno wake ninao mimi na hataupata.

Nimesikia mnanong'ona habari za kopo la biskuti, nani achukue nini. Kopo litakuwa mezani, na mimi nitakuwa nimekaa hapo. Anayetaka mkaidi aje akae, anywe chai, amfungue kwa vidole mbele yangu. Akimfungua, ni wake. Akishindwa, arudi siku nyingine. Shemeji naye aje, ni nyumba ya dada yake. Aje mikono mitupu.

Mungu ampumzishe Mama Kufuli mahali ambapo hakuna wa kumharakisha.

Na lile neno alilomwambia kaka yake siku ya harusi, nyuma ya mlango, kidole kimevimba, ni hili:

"Kaka, weka msumeno chini. Hiki chuma hakina haraka, na mimi leo siendi popote."