Wageni Wasiotaka Kura

Kijiwe cha Kiminini kiitwacho Bunge la Spoku ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya duka la Munene la vipuri vya baiskeli, ng'ambo ya steji ya magari ya Kitale. Wa katikati huzama, wa pembeni huinuka, na akisimama mtu mmoja ghafla wengine wanamwaga kahawa. Phelista huipitisha kahawa yenyewe kuanzia saa tatu. Asubuhi hiyo ya Agosti, mahindi yakiwa yamewapita watu urefu pande zote za barabara, Wepukhulu alikuja akiwa ameishika simu kwa mikono miwili kama aliyebeba yai. Hakusalimia mtu. Tangu astaafu kazi ya ofisa wa kilimo, miaka sita sasa, hakuna siku aliyowahi kukaa pale bila salamu, na wenzake wakajua mambo si mazuri.

— Ofisa, umefiwa? — akauliza Munene, ambaye hata mkewe humwita Spoku.

— Sijafiwa. Nimepata wageni.

— Si hiyo ni furaha, bana?

— Ingekuwa furaha. Wacha nikae kwanza.

Habari ya ile nyumba wote waliijua. Ni nyumba ndogo ya vyumba viwili aliyoijenga Wepukhulu chini ya shamba, karibu na mto, na kuipiga plasta kwa mikono yake. Binti yake Emmy aliipiga picha Desemba akaiweka kwenye mtandao ili watu wa mjini waikodishe. Miezi minane ikapita. Kila Jumamosi Edinah, mkewe Wepukhulu, aliifagia na kubadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Majirani wakaanza kuuliza, kwa upole ule unaoudhi, kama ile ni nyumba au ni maonyesho. Ndipo juzi Mary Ann wa Nairobi akaandika: yeye na wenzake watatu, siku saba, wanakuja kutembea.

— Wanatembea kwa nani? — Spoku akauliza.

— Si kwa mtu. Wanatembea tu.

— Hakuna kutembea tu. Mtu anatembea kwa shangazi, anatembea kwa mashemeji. Hawa wanatembea kwa nani?

— Kwa miguu.

Wangila, dalali wa mahindi, aligeuka. Huyu wanamwita Redio, kwa sababu hazimwi.

— Kwa miguu wanaenda wapi?

— Wanarudi pale pale.

— Ofisa, hebu rudia hapo.

— Wanatoka kwa nyumba asubuhi, wanatembea, jioni wanarudi kwa nyumba. Kesho yake tena. Siku saba. Ati ni mapumziko. Wanataka niwapangie njia, kila siku na yake, niwatumie kabla ya saa sita ndiyo watoke Nairobi.

— Hawana gari?

— Wanayo. Wanaiacha kwangu.

Hapo hata Phelista aliacha kumimina.

— Mtu ako na gari, anaiacha, ndiyo apumzike kwa kutembea? — akasema. — Basi mimi nimepumzika tangu nizaliwe.

Walicheka, lakini Wepukhulu hakucheka, na kwa sababu hakucheka wakaona wamsaidie. Spoku aliingia dukani akatoka na boksi la tyubu, akalipasua, akaligeuza upande usio na maandishi. Redio akashika kalamu.

— Siku ya kwanza wapeleke Misikhu, siku ya soko — akasema Redio.

— Kwenda na kurudi kwa miguu? — akauliza Spoku. — Watarudi Krismasi.

— Basi Tongaren.

— Tongaren kuna nini ya kuona?

— Mahindi.

— Na hapa kuna nini?

— Mahindi pia. Lakini ya Tongaren ni ya watu wengine.

Spoku akachora mstari kutoka mtoni.

— Wapande huku, wapite kwa Nyongesa.

— Nyongesa atawauliza wanaenda wapi — akasema Wepukhulu.

— Waseme wanatembea.

— Atauliza kwa nani.

— Waseme wanaenda kurudi.

— Nyongesa akiambiwa na mtu asiyemjua, ndani ya mahindi yake, ati anaenda kurudi, atapiga nduru hadi Kitale isikie.

Wakaliangalia boksi. Njia ilikuwa imefika kwa Nyongesa na kukatika.

— Wapite kwangu basi — akasema Spoku. — Jumanne. Mke wangu Wangui awapikie chai, mukimo kidogo. Jumatano waende kwa mamangu, hawezi kuwaacha wapite bila kuingia. Alhamisi kuna harusi kwa kina Gathogo.

— Hapo sasa! — Redio akaandika haraka. — Chai, mukimo, harusi. Hiyo ni kutembea!

— Hapo ndipo shida iko — akasema Wepukhulu, na sauti yake ikapungua. — Hawataki kura.

— Hawataki nini?

— Kura. Chakura. Hawataki kura kitu.

Akawasomea. Kwanza ujumbe wake mwenyewe, alioutuma jana. Wepukhulu huandika jinsi anavyosema, na husema jinsi mamake alivyosema:

«Karibuni sana. Hapa kwetu kura ni nyingi. Mke wangu ndiye atawasimamia kura, asubuhi na jioni. Yeye hakubari mtu arare bira kura.»

— Umeandika vizuri sana — akasema Spoku. — Kama barua ya serikali.

— Sikia jibu la Mary Ann: «Asante mzee. Ila mambo ya kura tafadhali tuyaache kabisa. Huku mjini yametuchosha. Sisi tunakuja kupumzika na kutembea.»

— Kura imewachosha! — Redio akashika kichwa. — Nairobi watu wamechoka na kura!

Wepukhulu hakuwa na hamu ya mzaha. Edinah alikuwa tayari ametenga majogoo wawili, amesaga wimbi, ameanika uyoga. Aliposomewa ujumbe ule asubuhi aliketi kwenye kigoda jikoni akalia. Kwa miaka thelathini na minane ya ndoa Wepukhulu alikuwa amemwona akilia mara mbili tu, na zote ni matanga. Kisha akafuta uso akasema: mtu asiyekula kwangu hatalala kwangu. Wageni wanne wakae siku saba kwa Wepukhulu na moshi usitoke? Watu watasema nini? Afadhali nyumba ikae tupu. Wepukhulu aliwataka wale wageni kuliko alivyotaka mvua, lakini hangeweza kumwaibisha Edinah mbele ya kijiji kizima. Alikuja kijiweni atafutiwe njia ya katikati, na kufikia hapo alikuwa hajaona hata ya pembeni.

— Mimi nimewajua — akasema Spoku taratibu. — Wanatembea wakizunguka?

— Ndiyo.

— Siku ngapi?

— Saba.

— Bira kura. Ofisa, pale Yeriko watu walizunguka siku ngapi?

— Saba.

— Na ukuta ulifanya nini?

Wepukhulu akaikumbuka plasta yake, na kijasho kikamtoka.

— Si maombi hayo — Redio akakataa. — Hao ni wapimaji wa ardhi. Wanapima kwa hatua. Ndiyo maana hawakuri! Mtu akishiba hatua inakuwa fupi, hesabu inaharibika. Utashtukia barabara inapita kwa choo yako.

— Wapimaji wanakura, tena sana — akasema Wepukhulu, aliyefanya kazi nao. — Wanamaliza hadi mbegu.

— Nyinyi hamjui matajiri — akasema Phelista. — Daktari amewakataza. Sasa wanatafuta mahali mbali waone njaa bila kuonekana na wafanyakazi wao.

— Kwani njaa inatafutwa?

— Ukiwa nazo, unaitafuta hata kwa simu.

Redio hakupenda kushindwa na Phelista. Aliweka kikombe chini.

— Wacheni niwaambie ukweli. Hawakuri. Hawachoki. Wanaacha gari. Wanaenda kurudi. Na huyu Mary Ann, Ofisa, ukiandika anajibu kwa haraka?

— Haraka sana.

— Basi si watu. Ni zile za kompyuta. Roboti. Wanazijaribu huku mashambani kabla waziuze.

— Roboti inaitwa Mary Ann? — akauliza Spoku.

— Ulitaka iitwe Wanjala?

Wepukhulu alihisi kichwa kimejaa nyuki. Alikuja na swali moja, sasa alikuwa na Yeriko, barabara ya kupita chooni na roboti wanne. Saa ilikuwa inaenda saa tano.

— Nisaidieni na maneno tu — akasema. — Nimwambie nini huyu mama?

Waliandika pamoja, wakigombania kila neno, na Spoku ndiye aliyesisitiza heshima iwe mbele:

«Mary Ann, kwa heshima. Kwetu mgeni asiyetaka kura hawezi kurara. Hiyo ni mira yetu. Chagua.»

Jibu halikuchelewa: «Mzee, kwani ni lazima tupige kura ndiyo tulale?»

— Amelainika! — Redio akaruka, kahawa ya Spoku ikamwagika. — Umesikia? Kupiga kura! Si ndiyo kupiga lanchi? Kumbe roboti inajua Sheng!

— Mjibu haraka, chuma ikiwa moto — akasema Spoku.

Moyo wa Wepukhulu ulifunguka. Akaandika peke yake, bila kusaidiwa, akatuma:

«Razima. Tena mara tatu kwa siku. Mke wangu anahesabu.»

Wakasubiri. Simu ikaonyesha kwamba Mary Ann anaandika. Ikaacha. Anaandika. Ikaacha. Kisha hata hiyo ikapotea, na Wepukhulu akaona kioo kikizima kidogo kidogo mkononi mwake. Ile furaha iliondoka jinsi ilivyokuja. Aliiona nyumba kule chini, shuka zimenyooka, na Edinah na ufagio wake Jumamosi ijayo na nyingine tena.

Wakati huo alifika Chemutai, mwanamke wa Kapsokwony anayeuza vitunguu sokoni. Alikuwa mgeni pale kijiweni. Alisukuma baiskeli yenye tairi bapa, akampa Spoku, naye Spoku akaanza kutoa tyubu huku macho yakiwa kwenye simu ya Ofisa.

— Kuna nini hapa? — Chemutai akauliza. — Mnakaa kama watu wa kortini.

— Wageni wa mzee wamekataa kura — Spoku akamweleza. — Walikuwa karibu kukubali, sasa wamenyamaza.

— Wamekataa kura ya nani?

— Ya Mama Emmy.

— Mama Emmy anasimama?

— Amesimama tangu asubuhi, jikoni.

Chemutai akamtazama, akanyoosha mkono, akapewa simu. Alisoma toka juu hadi chini. Akasoma tena. Alijikaza, lakini mabega yalimtingika.

— Mzee, ulitaka kuwaambia kura, ama kula?

— Ndiyo — akasema Wepukhulu.

— Ndiyo gani?

— Hiyo.

— Hizo ni mbili.

— Mbili wapi? — Spoku akaingilia. — Kura na kura. Hiyo ni moja.

— Redio, wewe unasikiaje? — akauliza Spoku.

Redio alifunga macho, akasema pole pole: «Kura. Kura.» Akafungua.

— Ya pili imekuwa ndefu kidogo — akasema.

Chemutai akachukua ile kalamu, akaandika maneno yote mawili kwenye boksi, moja chini ya lingine. Akaonyesha la kwanza, akafanya kama anayetia karatasi kwenye sanduku. Akaonyesha la pili, akapeleka vidole mdomoni.

Wepukhulu alichukua simu akasoma tena. *Mke wangu ndiye atawasimamia kura.* *Mara tatu kwa siku.* *Mke wangu anahesabu.* Miaka thelathini aliandikia serikali ripoti, na sasa akajiuliza ni wakulima wangapi aliwahi kuwapigisha kura.

— Andika wewe — akamwambia Chemutai, akampa simu kama mtoto anayerudisha kitu cha watu. — Nakuomba, dada. Waambie ni chakura.

Chemutai aliandika kwa makini: mzee anauliza kama mtakula chakula cha mama, na ya siasa ni makosa ya kuandika. Akatuma. Jibu likaja hata kabla hajaondoa kidole, na akalisoma kwa sauti:

«Woi! Kumbe ni chakula! Tutakula mzee, hata sasa tuna njaa. Tulikuwa tunafungua mabegi turudishe nguo kabatini. Tunatoka saa hii.»

Spoku alipiga meza ambayo haipo. Redio alimkumbatia Phelista, Phelista akamsukuma. Wepukhulu alisimama, ubao ukainuka upande wake, na hakujua kama anacheka au anafuta machozi. Watakula! Wanakuja! Akaanza kufunga vifungo vya koti aende kumwambia Edinah.

— Ngoja mzee, haijaisha — akasema Chemutai, akaendelea kusoma: «Ila tulidhani huko hakuna chakula, kwa hivyo tumebeba chetu cha wiki nzima. Unga wa ugali pakiti kumi na mbili. Mwambie mama asisumbuke.»

Kifungo cha tatu kilibaki mkononi mwa Wepukhulu.

— Unga? — akasema Spoku. — Kuleta huku?

— Kutoka Nairobi? — akasema Redio, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa amejaza lori la mahindi kwenda huko huko. — Kuleta Trans-Nzoia?

Waliyatazama mahindi. Yalikuwa mbele, yalikuwa nyuma, yalikuwa yamefika hadi ukutani mwa duka. Wepukhulu aliwaza majogoo wawili, wimbi, uyoga ulioanikwa juu ya gunia, na mwanamke aliyeketi kwenye kigoda.

Chemutai akamrudishia simu.

— Na huyo mama — akauliza — ataambiwa na nani?

Redio aliona lori ambalo wengine hawakuliona, akalifuata. Phelista akakusanya vikombe, hata cha Spoku ambacho kilikuwa hakijaisha. Spoku aliinama kwenye gurudumu akaanza kutafuta tundu ambalo alikuwa ameshaliziba.

— Dada — akasema Wepukhulu — si wewe ndiye unajua kusema?

Lakini Chemutai alikuwa amelinyakua gurudumu lake, amelirudisha, na ameshapanda baiskeli, anaikanyaga kuelekea sokoni bila kungoja tairi litiwe upepo.