Miche Mapajani mwa Mama Notburga

Kwenye basi la kutoka Namtumbo kwenda Songea, mwaka 1993, kijana aliyekosa kiti alimwambia mama aliyekaa mbele yangu, "Shikamoo mama, naomba unipakatie miche yangu." Mama Notburga akalipakata boksi la miche kama mjukuu. Ndivyo tulivyo: tunapakata kwanza, tunauliza baadaye.

"Miche ya nini, mwanangu?"

"Mikaratusi, mama. Najenga gesti, nataka izunguke uzio ipendezeshe. Haijali kiangazi hiyo."

"Gesti iko wapi?"

"Kilimani pale, juu ya bonde la kwa Beda."

"Beda ni marehemu mume wangu. Kisima cha bonde hilo ndicho kinachomwagilia mboga zangu. Kiangazi chote nakula pale."

"Kiwanja nimenunua kihalali, mama. Siku hizi ruksa."

"Ruksa kunywa maji yangu? Miti hiyo tulipandishwa sisi wasichana, mapadri walipotaka kukausha kinamasi nyuma ya kanisa. Kikakauka! Leo mnaiita pambo?"

Kinamasi hicho nakikumbuka. Sasa watoto wanachezea mpira pale, na vumbi lake tunalila bure, bila soko huria.

"Inatoka Australia, mama, kukavu kuliko hapa, na watu wanaishi."

"Basi kawaulize wanakunywa nini!"

Basi likasimama kwenye njia ya kilimani. Kijana akanyoosha mikono. "Nipe miche yangu, mama."

Mama akalikumbatia boksi, macho mbele.

Konda akapiga bodi. "Anayeshuka ashuke!"

Hakushuka mtu.