Jiwe la Fausta

Sogeeni karibu, wanangu, maana pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu, ya kurudia sina. Leodgar, zima hiyo redio. Erasmus, acha kusimama mlangoni kama mgeni anayetaka kuaga. Wewe ndiye mkubwa, keti hapa miguuni kwangu. Romana, mama, nipe kwanza maji kidogo, halafu ukae na wewe, na mikono yako usiifiche chini ya kanga, kwa sababu jana niliisikia ikichubuka. Mimi baba yenu Telesphor nimechoka. Sisemi naumwa, kuumwa mnakuona wenyewe. Nasema nimechoka, na mtu aliyechoka anataka jambo moja tu, apelekwe kwao akalale.

Kwetu mnakujua. Ni Usevya, Upimbwe, ng'ambo ya hifadhi, alikolala mama yenu Fausta. Reli ndiyo iliyonileta hapa Mpanda nikiwa kijana, nikafanya kazi stesheni mpaka nikastaafu, nikajenga nyumba hii ya Makanyagio na kuwalea nyie humu ndani, lakini hamjawahi kunisikia nikisema hapa ni kwetu. Nilipoona ugonjwa huu haurudi nyuma, niliwaambia, nipelekeni Usevya nikiwa bado napumua, na mnipeleke kwa Landrova yangu. Mkasema mvua za Elnino zimeharibu barabara. Nikangoja. Barabara ikakauka, malori yakaanza kupita Sitalike, mkasema sasa ni gari lenyewe limekufa.

Gari lile nalijua, wanangu. Nililinunua kwenye mnada wa magari mabovu likiwa limemezwa na nyasi, kuku wametaga juu ya kiti, na dalali mwenyewe alicheka niliponyoosha mkono. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili langu lilikuwa baya na hata kujitembeza lilikuwa limegoma. Polycarpe wa Katumba, Mrundi yule rafiki yangu, Mungu amrehemu, ndiye tuliyelivuta naye kwa ng'ombe mpaka hapa uani, na tangu hapo Jumamosi zangu zote nimezimalizia chini yake, mgongo kwenye gunia. Watu wa Makanyagio wakasema Telesphor ana gari la kutengeneza, la kupanda hana. Walisema kweli. Sikulibebea abiria wala mkaa, sikulikodisha hata kwa harusi. Wenzangu walikuwa na pombe, wengine walikuwa na bao, mimi nilikuwa na Landrova. Nilipenda kulifungua, kulisafisha na kulifunga tena, na Jumapili baada ya misa niwapakie nyie na mama yenu twende Mwamkulu kuangalia mpunga, turudi tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ni hayo tu. Mtu akiniuliza lilinipa faida gani, nitamwambia ni vumbi hilo.

Mama yenu hakulipenda. Alisema linanuka, na alisema linamwibia sabuni, na kweli lilimwibia, maana tanki lilipovuja tulikuwa tunaliziba kwa sabuni yake ya mche, kwa jinsi alivyotufundisha Polycarpe. Lakini safari hakuwahi kuniacha niende peke yangu. Breki ya mkono, kama mnavyojua, haikushika tangu siku ya kwanza, na sikupata kifaa chake mpaka leo. Basi siku moja tunapanda Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga, gari likazima katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma, na kabla sijafungua mdomo Fausta alishakuwa chini, amesukumiza jiwe nyuma ya tairi. Aliporudi kwao akachagua jiwe lake mtoni Kavuu, bapa upande mmoja, mviringo upande wa pili, akaniambia barabarani mtu hategemei mawe ya kuokota. Miaka yote akawa analipakata, na tukisimama mahali pa mteremko, wa kwanza kushuka ni yeye. Nyie hamkuona ajabu, mlikua mkalikuta.

Alipofariki nilimpeleka mwenyewe, yeye nyuma kwenye jeneza, jiwe kwenye kiti chake. Kwenye korongo kabla ya kufika Kibaoni gari likazima, nikageuka kushoto kama nilivyozoea, na hapakuwa na mtu wa kushuka. Nilibaki nimekanyaga breki, nalia, mbung'o wananiuma shingoni, mpaka Romana akaruka kutoka nyuma, akalichukua jiwe akaliweka kwenye tairi. Mazishi yalikuwa kesho yake, lakini mimi nilimzika pale.

Sasa tuje kwenye habari ya jana. Romana aliwaambia nyie wanaume, kama hamtaki kumpeleka baba nitaliwasha mwenyewe, akaja akachukua hendeli ya kuzungushia injini hapa chini ya kitanda changu. Niliwasikia mmesimama. Mmoja anasema, "Achana nalo dada, hilo limekufa." Mwingine anasema, "Tutamwita fundi wiki ijayo." Mimi nimelala, dirisha liko wazi. Hendeli ya gari lile, injini ikiwa nzima, ni nzito. Inakataa, halafu inakubali, kama mlango ambao nyuma yake kuna mtu ameegemea. Jana ilizunguka nyepesi, inapuliza tu, fyuu, fyuu. Injini haipulizi hivyo mpaka plagi ziwe zimefunguliwa. Na harufu ya petroli haikuja, ingawa upepo ulikuwa unatoka uani, na gari lile ukilizungusha kidogo bila kuwaka nyumba nzima inanuka. Nikajua kabureta nayo haipo. Mapengo ni mawili, wanangu, na nyie mko wawili. Erasmus, usiangalie chini. Leodgar, wewe pia.

Sikuhitaji kuuliza, maneno ya uani huingia kwa dirisha hili. Leodgar, umeahidiana na Manyanda wa Mwamkulu umpe ekseli na magurudumu atengeneze tela la ng'ombe, naye akupe maksai. Simlaumu Manyanda, tela ni kitu cha maana kwa mkulima, na yeye alidhani anazungumza na mwenye mali. Erasmus, wewe unataka kubeba abiria wa Inyonga. Kila mmoja akaogopa mwenzake asije akaondoka nalo mimi nikifumba macho, basi huyu akafungua kabureta akaificha, na yule, bila kujua, akafungua plagi akazificha. Mlifungana miguu, lakini aliyefungwa kabisa ni mimi. Kwetu mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaishe. Nyie mmeanua matanga kabla ya kuyatandika. Nimeumia. Nalisema wazi kwa sababu nguvu ya kuzunguka sina. Nimelala hapa nikidhani barabara ndiyo inayonizuia nisiende kwa mke wangu, kumbe ni wanangu.

Msilie. Leodgar, nyamaza, sijamaliza. Maji, Romana.

Mali nyingine ni nyepesi. Nyumba hii Erasmus ataishi na wanawe, na chumba cha uani ni cha Romana mpaka atakapotaka mwenyewe kutoka. Shamba la Kakese ni la Leodgar, na mpunga wa Mwamkulu mtalima wote watatu. Spana zangu msigawane. Spana za gari moja zikikaa nyumba mbili, kila nyumba ina spana pungufu. Baba yenu mdogo Alois, kule Usevya, tulikosana siku ya mazishi, aliposema ningelitunza jembe kama ninavyotunza chuma hiki ningekuwa tajiri. Sikumsalimu tena. Kununa nako ni kazi, wanangu, na haina pensheni, nimeiacha. Mkifika, gari lisimame kwanza mlangoni kwake.

Na gari lenyewe, Erasmus, si lako, na Leodgar, si lako. Ni la aliyechubuka mikono. Romana, nilikufundisha mwenyewe kuendesha kule Kakese, watu wakacheka, na wewe ukang'oa migomba ya jirani, lakini ukajua. Nikishafika Usevya, ukitaka kulitunza, litunze. Ukitaka kumpa Manyanda ekseli yake, mpe. Chuma si mtoto. Sitafufuka kuja kuuliza. Ila ukilitunza, angalia oili kabla hujaangalia kioo, na ukifika mtoni Katuma shuka kwanza uyatazame maji, usiyaamini kwa sababu jana yalikuwa machache. Na hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, kisiizunguke, maana hurusha teke ghafla. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na asiyesikia hili huvunjika kidole. Polycarpe alizikwa na cha kwake kimepinda.

Basi nendeni. Erasmus, kalete kabureta. Leodgar, kalete plagi. Sitaki kujua zilikuwa wapi. Mzifunge wenyewe, leo, sasa hivi, jua halijawa kali, na msimwite fundi, mtu akifungua na afunge. Romana, fungua dirisha lote.

...

Nawasikia. Hiyo spana ni ndogo, Leodgar, chukua ile nyingine. Mpe taa mwenzako, Erasmus... Mmeinama kwenye boneti moja. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mungu awaone hivyo hivyo. Mungu wa baba zangu, na Bikira Maria ambaye Fausta alimwomba kila jioni, wawape kulima mkavuna, kuzaa mkalea, kugombana mkapatana kabla jua halijatua. Nimewasamehe. Nimewasamehe wote wawili, na moyo wangu hauna... hauna kitu kilichobaki. Nilikuwa na mengi ya kusema. Yameondoka.

Romana, anza. Polepole. Ni nzito? Nzito ndiyo yenyewe. Tena. Harufu hiyo... naisikia harufu. Kidole gumba, mama. Tena.

Hapo! Imekohoa. Ipe hewa kidogo. Tena...

Imeshika. Msiizime. Msiizime, hata nikinyamaza msiizime.

Njooni mnibebe. Polepole. Blanketi liacheni, nje kuna jua. Si nyuma, Erasmus, nyuma nilimlaza mama yenu akiwa maiti, na mimi bado. Mbele. Kwenye kiti chake. Romana ataendesha, nyie mkae nyuma, na likizima kilimani mtashuka wote wawili, nitawapa jiwe. Tukifika mliache kule, kati ya kichwa chake na changu. Mkirudi huku mtafute la kwenu.

Liko wapi? Chini ya kiti... hapo.

Nipeni. Nipeni nilipakate.