Aliyewabishia Hodi Nyuki: Maisha ya Mzee Taratibu

Babu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Taratibu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, alfajiri, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Mama yake alisimulia kwamba hakulia kama watoto wengine. Alikunja ngumi akatetemeka tu, hadi mkunga akasema huyu ameanza kuogopa kabla hajaona cha kuogopa.

Hilo la kuogopa naomba mlishike, maana nyinyi mlimjua kama mtu asiyejua woga. Kiukweli hata sisi wa nyumbani tulidhani hivyo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza la saba mwaka 1965. Hesabu alizipenda, ila kuitwa ubaoni kulimmaliza. Mwalimu wake akamwonea huruma, akampa kazi ya kukarabati madawati. Babu alisema siku ile aligundua kwamba nyundo haiulizi maswali. Mwaka 1967 akaenda kujifunza useremala kwa mjomba wake, na miaka minane baadaye akafungua karakana yake.

Sasa nyuki waliingiaje? Mwaka 1979 mteja mmoja aliagiza mizinga kumi, akachora na vipimo, halafu hakuonekana tena. Mizinga ikakaa nyuma ya karakana miezi minane. Aprili 1980 kundi la nyuki likashuka lenyewe na kuingia kwenye mmoja. Mafundi wote walitimua mbio, mmoja akapita dirishani na randa mkononi. Babu peke yake alibaki amesimama, na kuanzia hapo sifa zikaenea kwamba yule fundi ni jasiri ajabu. Sifa hizo zilidumu miaka arobaini na zaidi. Mwaka juzi ndipo aliponiambia ukweli.

"Mjukuu wangu, miguu ilikataa. Ningeiweza, mpaka leo ningekuwa nakimbia."

Basi hakukimbia, na nyuki hawakumfanya kitu, na mizinga mingine ikajaa. Kila alipokwenda kurina asali aligonga mzinga kwa kifundo cha kidole mara tatu, akasema hodi, akaweka kiganja juu ya mfuniko na kutulia. Ndiyo maana wakamwita Taratibu. Tulidhani anawasubiri nyuki watulie, kumbe alikuwa anausubiri moyo wake mwenyewe ushuke. Usiposhuka, alirudi nyumbani na ndoo tupu, hata kama wateja wamejaa uani wanasubiri asali.

Kazi hiyo ilimla mwili. Mgongo ulipinda kwa kunyanyua masanduku ya masega. Jicho la kushoto lilitoka machozi muda wote kwa sababu ya moshi wa kuwatuliza nyuki, wageni wakawa wanampa pole ya msiba usiokuwepo. Vidole vilivimba mpaka pete ya ndoa ikagoma kutoka, na Bibi akawa anasema hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona kwa nyuki. Lakini alipotoka kwenye mizinga alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Alisema huko ndiko alikojifunza kuomba, kwa kuwa ukiwa na nyuki elfu thelathini mbele yako, huombi kwa maneno mengi.

Alifunga ndoa na Bibi tarehe 12 Desemba 1981. Walijuana siku Bibi alipokwenda karakana kuagiza kabati, nyuki akamchoma kwenye kope. Babu akampelekea asali ya kuomba radhi kila siku kwa wiki nzima. Jicho lilipona siku ya pili, ila Bibi hakusema. Walijaliwa watoto watatu: mjomba, mama yangu na mama mdogo.

Kuugua kwake kulianza tarehe 14 Agosti 2022, na mimi ndiye niliyekuwa chanzo. Nyumbani kwetu kuna sheria: usile ndizi mbivu kisha ukaenda kwenye mizinga, kwa sababu nyuki akichoma huacha harufu kama ya ndizi, na wenzake wakiinusa wanajua ni vita. Nilikula, nikafuta mikono kwenye gauni, nikambebea bomba la moshi. Walitoka wote. Babu, aliyesifiwa kwa kutokimbia, siku hiyo alikimbia kuja kwangu. Alivua kofia yake ya wavu akanivisha mimi. Bibi alimtoa miiba sitini na mitatu.

Tangu hapo mwili wake ukawakataa nyuki. Daktari alisema mwiba mmoja tu unaweza kuziba koo. Sindano moja ya dharura ilikaa mfukoni mwa shati lake, nyingine ikatundikwa jikoni. Tuliishi kwa kusikiliza. Inzi akivuma dirishani, watu wanne wanasimama. Babu akawa anaishia kwenye uzio, ananielekeza kutoka pale, na mimi nilifika hadi kugonga tu. Mfuniko sikuwahi kuunyanyua, nilikuwa nakimbia kabla. Hakunicheka hata mara moja.

Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, Babu akiwa barazani na chai yake, nyuki mmoja aliingia kwenye kola akamchoma shingoni. Alichomwa sindano zote mbili. Jirani alitoa gari. Njiani Babu alimshika mjomba mkono akamwambia, "Usiwachome moto. Yule alipotea njia tu." Alifariki hospitalini saa sita na robo, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Jioni hiyo mjomba alirudi na dumu la petroli. Si ukatili, jamani, ni hofu. Alisema nyuki wamemuua baba, sasa wanamngoja nani? Na Bibi alikuwa anaogopa kwamba mwili kuwakataa nyuki huenda ni jambo la damu, la ukoo. Nikajisikia nasema kwamba mizinga nitaitunza mimi. Mjomba akasema sawa, fungua mmoja mbele yangu, ukikimbia nawasha.

Jana Jumatano, saa tatu asubuhi, nilivaa kofia ya Babu, sindano mpya ikiwa mfukoni. Nikagonga mara tatu, nikasema hodi, nikaweka kiganja. Moyo uligoma kabisa kushuka. Nikageuka, nikarudi kwa hatua za kawaida, ingawa kila hatua nilitamani kuruka uzio. Mjomba akainama kuchukua dumu.

Bibi akamzuia. "Huyu hajakimbia, amerudi. Baba yako alirudi mara ngapi?"

Mjomba akalitua.

Saa kumi nikaenda tena. Nikagonga. Nilikaa na kiganja pale muda mrefu hata mama akaanza kuita, na nikahisi kwa chini ule mvumo wao, kama mtu anayeguna usingizini. Sitasema hofu iliisha. Ilikaa pembeni ikanipisha. Nikaunyanyua mfuniko. Hakuna aliyenichoma. Kijitabu mlichonacho mkononi kilichelewa kuchapishwa kwa sababu hiyo, mtusamehe.

Petroli ya mjomba haikupotea. Aliimimina mwenyewe leo asubuhi kwenye jenereta, na ndiyo inayoendesha kipaza sauti mnachonisikia nacho.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, na mizinga kumi na mmoja: kumi ya yule mteja na mmoja aliouchonga kwa ajili yangu, ambao bado hauna nyuki.

Babu, umetulia sasa, na moyo umeshuka. Pumzika kwa amani, taratibu.