Mkeka wa Watoto Watano wa Mzee Cassamo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shehe wetu, ndugu, jamaa, majirani wa Palma na nyote mliofunga safari, wafiwa wamechoka, ninyi mmechoka, na marehemu alichoka kuliko sisi sote, kwa hiyo historia hii itasomwa polepole lakini haitarefushwa. Anayeisoma kwa niaba ya familia ni mkwe wake, Abudo, mume wa binti yake Mwanaamina, na yaliyomo yamekubaliwa jana na ndugu wote wanne wa marehemu kwa pamoja, jambo ambalo, kama mtakavyosikia, si dogo.

Marehemu Bi Atija binti Cassamo Anli alizaliwa hapa Palma tarehe 12 Agosti 1961, katika nyumba hiihii ambamo jeneza lake limewekwa ukumbini sasa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Cassamo Anli, mvuvi na mwenye minazi, na Bi Nafisa binti Ussi, ambaye kwao ni Msimbati, ng'ambo ya Ruvuma. Baada yake walizaliwa Aiuba, Rukaya, Dulla na Nasrin, na wote aliwabeba mgongoni, kwani kwetu binti wa kwanza hukua na mdogo wake kiunoni, na zamu yake ya kucheza ikifika, giza limekwisha kuingia.

Alisoma chuo cha Kurani hapa mtaani, kisha baada ya uhuru, mwaka 1976, akaingia shule ya serikali na kufika quarta classe, yaani darasa la nne, mwaka 1979, akaachishwa mama yake alipoanza kuugua. Kireno alikielewa vizuri, ila alikuwa akijibu kwa Kiswahili, hata mbele ya wakubwa wa ofisini, na wakubwa hao, wapende wasipende, walimwelewa.

Mwaka 1983 alivuka kwenda Mtwara kwa mjomba wake kujifunza kushona, na mwaka 1986 akarudi na cherehani ya miguu, akaiweka kwenye kibaraza cha soko, akawa anashona sare za shule, kanzu za Idi na mapazia ya maharusi. Wenzake wa kibarazani wanasema alikuwa na pini mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, na mwenye kuleta maneno ya watu alijikuta anajisemea peke yake, mwishowe akaaga.

Tarehe 3 Februari 1988 aliolewa na Bwana Ussi Saide, mfanyabiashara wa samaki wakavu kati ya Palma na Mtwara, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mwanaamina, aliyezaliwa mwaka 1990, na Anli, aliyefariki kwa malaria mwaka 1993 kabla hajatembea. Bwana Ussi alifariki Mtwara tarehe 17 Julai 2009, marehemu akakaa eda hapa kwa baba yake, na eda ilipokwisha hakuondoka tena, maana mama alikwisha kutangulia na mzee alikuwa haoni.

Hapa ndipo ilipoanza kazi ambayo haikumlipa na haikumwachia. Ndugu zake wawili, Aiuba na Dulla, walikuwa hawasemezani tangu mwaka 2008 kwa ajili ya mpaka wa minazi, mzee alikuwa amewausia akachoka, akaona kama udugu haukuwakalisha pamoja, basi labda nyumba itawakalisha. Siku ya Ijumaa, tarehe 4 Machi 2011, akiwa katika sakarati, alimshika Atija mkono mbele ya Shehe na jirani mmoja, akasema, "Nyumba hii msiigawe mpaka ninyi watano mkae mkeka mmoja, mle sinia moja. Atija, utaishika wewe." Akafariki kabla ya adhuhuri.

Bi Atija aliishika. Kwenye harusi ya Mwanaamina mwaka 2013 walikuja watatu, Dulla hakuja kwa kuwa Aiuba alikuwepo, na kwenye Idi ya mwaka 2016 alikuja Dulla, Aiuba akatuma salamu kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kwamba kazi ya serikali haina Idi. Ndipo yakaja magari ya kampuni za gesi, kila mwenye kibanda akapangisha, wageni wakamgongea wakitaka vyumba vya mbele, akawajibu kwamba vyumba hivyo vina wenyewe, naye akaendelea kulala chumba cha uani, karibu na jiko, akifagia vyumba vinne visivyolala mtu. Ndugu zake kwa mbali wakaamini anapangisha kwa siri. Dulla alisema kwa kinywa chake, na ameruhusu lisomwe, kwamba wasia ule dada aliutunga mwenyewe ili ale nyumba. Neno hilo lilimfikia, likamuuma, akaendelea kufagia.

Mwaka 2019 alikwenda kwa Shehe kuuliza, na Shehe, ambaye yuko hapa na ambaye siku ya wasia hakuulizwa na mtu, alimwambia ukweli ulio mchungu, kwamba mirathi ni haki iliyopangwa na Mungu, wasia wa mzazi hauwezi kuizuia, na maneno ya mzee ni ombi, si kifungo. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto, kwa kuwa alikuwa amejinyima miaka yote ile akidhani anatii, kumbe alikuwa ameshika haki za watu. Kesho yake alianza kupiga simu, njooni tugawane, mkeka au si mkeka, lakini walewale waliokuwa wakiulaani wasia wakajificha nyuma yake, Aiuba akisema tungoje kwanza bei ya viwanja ipande, na hata hivyo baba alisema wote watano, Dulla akisema hakai mkeka mmoja na Aiuba, na Rukaya na Nasrin wakisema wataitikia kaka zao watakapoitikia. Mwenye mali alikuwa kaburini, warithi walikuwa kwenye simu, na mzigo ukawa wa aliyekaa nyumbani.

Vita vilipoingia Palma, Machi 2021, alitoka na kanga mbili na kichwa cha cherehani, akafika kijiji cha Quitunda kwa miguu, kisha Pemba, akahifadhiwa kwa Aiuba, na familia inamshukuru Aiuba kwa hilo. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa waliorudi mapema, akakuta bati zimeng'olewa na milango imechomwa, akashona, akauza, akaezeka upya, akianza na vyumba vya wenzake na kumalizia cha kwake. Mwanaamina alipomwambia, "Mama, acha, watajenga wenyewe," alijibu, "Nikiacha ikaanguka, watasema nimeila mpaka kuta. Nimechoka, mwanangu, ila bado nimesimama."

Maradhi ya shinikizo la damu yalimwanza mwaka 2023, Oktoba 2024 akapooza upande wa kushoto, akatibiwa hapa Palma na baadaye Pemba, akarudi akitembelea mkongojo. Mwezi uliopita aliwaomba tena wote waje Idi kubwa, tarehe 6 Juni 2025, ikapikwa pilau ya watu watano, na aliyefika ni Nasrin peke yake, kutoka Nampula. Pilau iliyobaki waligawiwa majirani, na mnaijua, mliila. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, Bi Atija alifariki chumbani kwake, na mazishi yakasogezwa hadi leo Jumanne alasiri ili wa mbali wawahi, wengine wakanung'unika kwamba maiti hangojeshwi, nao wana haki, lakini huyu alikwisha kuzoea.

Rukaya, anayekaa ng'ambo, alivuka Ruvuma siku ileile. Dulla, aliyeoa kule Mucojo na ambaye vita vimemhamisha mara nyingi, alikwama njia panda ya Awasse bila gari, Aiuba akapita akitokea Pemba, akamwona amekaa juu ya jiwe, akasimamisha gari, akafungua mlango, na inasemekana hawakusemezana mpaka Palma, ila walifika katika gari moja. Jana jioni majirani walileta chakula cha wafiwa kwenye sinia moja, wakatandika mkeka mmoja, bila kujua wanatandika nini. Wanne wakakaa, wakala, na Nasrin ndiye aliyeinua kichwa akahesabu, akaanza kulia.

Marehemu alimwachia Shehe maneno machache, mbele ya mashahidi. Alisema, "Mimi siachi wasia wa kumfunga mtu. Changu kigawiwe alivyopanga Mungu, msingoje arobaini, msingoje mtu." Akaongeza kwamba, kama ilivyo desturi kabla jeneza halijanyanyuliwa, itangazwe kuwa anadaiwa, anadaiwa mafungu ya ndugu zake wanne aliyoyashika miaka kumi na minne, na waombwe wamsamehe.

Deni hilo walitangaziwa wenyewe leo asubuhi, wakiwa wamesimama mbele ya jeneza. Aliyejibu wa kwanza ni Dulla, akasema, "Dada hatumdai. Yeye ndiye anayetudai, na tumechelewa kumlipa." Aiuba alimshika bega, nao wakaomba jibu hilo lisomwe mbele yenu. Nyumba itagawiwa kesho baada ya adhuhuri, Shehe akiwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Palma na Pemba, majirani kwa maji, kuni na lile sinia, mafundi wenzake wa kibaraza cha soko, ambao hawakumtoza chochote kwa sanda waliyoikata, na wanawake waliomwosha. Mwenye kumdai kingine amwone Abudo, na aliyekosewa naye, tunamwomba radhi.

Bi Atija, mama yetu, vyumba vimefagiwa na wenyewe wamefika. Pumzika sasa kwa amani, usitungoje tena.